Vumbi la Miti Kumi na Miwili

Jumatatu, 9 Septemba. Njombe.

Nimeamka saa kumi na moja. Baridi. Maji ya kunawa yamenichoma vidole. Nimetia chumvi kwenye uji badala ya sukari. Nimeunywa hivyo hivyo.

Nimesafisha kioo cha mashine kwa pamba. Nimezungusha kichujio mara nne kuona kama kinakwama. Nyuzi sifuri. Arobaini na tano. Tisini. Mia moja thelathini na tano. Hakikwami. Hii ndiyo imekuwa sala yangu ya asubuhi. Ile nyingine haitoki.

Karani mpya wa ofisini ameniuliza kazi yangu ni nini hasa, maana ananiona nabeba stendi ya miguu mitatu kama mpiga picha wa harusi. Nimemweleza. Jua likipiga jani, mwanga unarudi wa aina mbili. Mmoja uliingia ndani ya jani ukatoka na kijani chake. Mwingine haukuingia, uliteleza juu ya nta ya jani ukaondoka ukitetema upande mmoja tu. Huo wa pili ndio ninaoupima. Setilaiti nayo inauona kutoka juu, ila unaifikia umechanganyika na mwanga unaotoka kwenye moshi na vumbi la hewani. Tukijua jani limetoa kiasi gani, tunakiondoa. Kinachobaki ndiyo hewa tunayovuta.

Akasema, kumbe ni hesabu ya kutoa.

Ndiyo. Ni hesabu ya kutoa.

Jumanne, 10 Septemba

Nimempigia simu Mama Mwalongo wa Makambako, kumwarifu kwamba kesho nitakuwa shambani kwake. Huwa nampigia siku moja kabla. Profesa, aliye Morogoro, alishaniambia si lazima, mkataba wa shamba tunao. Sawa, mkataba tunao. Lakini sijui kuingia kwa mtu bila taarifa. Mama yangu kule Bulongwa angesikia angenikana.

Mama Mwalongo amesema karibu sana mwanangu, utatukuta tupo tayari. Husema hivyo kila mara. Sijawahi kujiuliza anajitayarisha nini.

Jumatano, 11 Septemba. Makambako.

Nimeendesha mwenyewe gari la mradi. Saa mbili na nusu nimepita pale malori yanapoegeshwa. Pale ndipo Elia, mume wangu, alipoegesha lake mwezi wa kwanza, akalala kwenye kiti, hakuamka. Moyo, walisema. Alikuwa na miaka arobaini na miwili. Utingo wake ndiye aliyenipigia simu.

Leo palikuwa na lori la magogo na mama anauza mahindi ya kuchoma. Nimeangalia. Sikuhisi kitu. Kama kuangalia duka lililofungwa.

Shamba la Mama Mwalongo liko kando ya njia ya vumbi ambako malori ya mbao hupita kutwa. Ndiyo maana tulilichagua. Parachichi za Njombe mvua na ukungu vinaziosha. Tulitaka kujua vumbi linafanya nini kwenye mng'ao wa jani. Tuliizungushia kamba miti kumi na miwili michanga, mirefu kunizidi kidogo. Setilaiti hupita kila baada ya siku kumi na sita, saa nne na nusu asubuhi. Nami ninatakiwa niwe hapo.

Imepita. Haionekani, lakini imepita. Nimepima pande zote. Kwenye daftari la kazi nimeandika: anga safi, upepo kidogo, majani hali nzuri, yanang'aa.

Chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha. Mama Mwalongo amenisindikiza mpaka kwenye gari, kama kawaida yake, ameshika mkono wangu njia nzima. Naye ni mjane, miaka minne. Huwa hanipi pole. Namshukuru kwa hilo.

Jumapili, 15 Septemba. Njombe.

Kanisani. Watu watatu wameniambia nimejikaza. Mmoja amesema mwenzangu ungeniona mimi alipofariki mume wangu, nilibebwa.  Mimi sikubebwa. Nilisimama wima, nikahesabu mashada ya maua. Kumi na saba.

Mama mkwe amepiga simu kutoka Mlangali. Mwanangu Neema hajambo, amepata alama nzuri za hesabu. Yuko kwa bibi yake tangu mazishi, nilisema ni mpaka nitakapotulia. Kisha akaulizia nguo. Krismasi ukoo wote utakuwa nyumbani, nguo za Elia zitagawiwa. Zifuliwe, zipigwe pasi, nije nazo. Ndivyo inavyokuwa, nguo ya marehemu haitolewi chafu.

Nimemwambia nimeshafua zote. Si kweli. Limebaki koti. Koti la safari alilokuwa amevaa. Utingo alilileta kwenye mfuko wa sandarusi uliofungwa fundo. Uko juu ya kiti karibu na mlango. Sijaufungua. Siuogopi. Napita tu.

Ijumaa, 20 Septemba

Siku nzima kompyuta. Nimelinganisha Njombe na Makambako. Mistari miwili inapanda pamoja, inashuka pamoja. Jani la kwenye ukungu na jani la kwenye vumbi yanang'aa sawasawa.

Nimekagua mara mbili. Sawasawa.

Ningekuwa yule mimi wa zamani ningeshangaa. Nimehifadhi faili nikaenda kununua sabuni.

Ijumaa, 27 Septemba. Makambako.

Setilaiti imepita. Moshi mwingi, watu wanachoma mashamba. Mama Mwalongo na mimi tumekohoa mpaka tukacheka. Hapana, yeye ndiye aliyecheka. Milima haionekani, na jua lilikuwa jekundu kidogo. Vipimo vya jani vizuri. Hali nzuri, yanang'aa.

Jumatatu, 30 Septemba

Profesa amenisifu. Kasema hili ni jambo kubwa: kumbe vumbi halibadilishi kitu, tutatumia modeli moja kwa nyanda zote hizi, kazi imekuwa rahisi. Mwisho wa Novemba namba zangu zinakwenda kwa wale wanaochakata picha za setilaiti. Zikishaingia zitakaa humo miaka. Jina langu litakuwa la kwanza kwenye andiko.

Nikasema asante. Akaniuliza kama nimefurahi. Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 12 Oktoba. Makambako.

Niandike kama ilivyokuwa.

Setilaiti inapita kesho, Jumapili. Asubuhi nilimpigia Mama Mwalongo nikamwambia nitafika kesho baada ya ibada ya kwanza. Baadaye nikabadili mawazo. Gari lilikuwa linakohoa, nikaona nije leo nilale kwa rafiki yangu mwalimu, asubuhi isinisumbue. Nikapitia shambani saa kumi jioni kushusha stendi. Sikupiga simu. Mara ya kwanza.

Nikamwona kabla hajaniona. Alikuwa amesimama kwenye kigoda ndani ya kamba yetu. Ndoo ya maji pembeni. Mkononi kipande cha kitenge. Anafuta jani moja moja, juu na chini, taratibu, kama anamfuta mtoto pua. Amemaliza mti akashuka, akasogeza kigoda, akapanda tena.

Nikaangalia nje ya kamba. Miti yote ya nje rangi ya tofali. Ya ndani kijani inang'aa. Kumi na miwili kamili.

Nimekuwa nikija hapa tangu Juni.

Nikarudi kwenye gari kimyakimya, nikakaa karibu nusu saa. Kisha nikarudi nikapiga hodi kwa sauti kubwa kule mbele. Akatoka anajifuta mikono, akanisalimu. Kamwene, kamwene mwanangu, mbona umewahi. Nikasema nimeleta stendi tu. Tukanywa chai.

Kigoda sikukitaja.

Jumapili, 13 Oktoba. Makambako.

Nimepima. Jua zuri. Miti misafi. Nimeandika: hali nzuri, yanang'aa. Kalamu imeandika yenyewe.

Jumatano, 16 Oktoba. Njombe.

Profesa ameuliza kama vipimo vya tarehe kumi na tatu vimekaa sawa. Nimejibu vimekaa sawa na vingine. Huo si uongo. Ni ukweli wa mtu mwongo.

Nimejaribu kuona kama najali. Nimekaa kitandani nikajiuliza, unajali?  Msimu mzima ni takataka na mimi nafikiria kama kuna mkaa wa kesho.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimefungua picha zote nilizopiga tangu Juni. Kila siku ya kipimo nilipiga picha ya shamba. Zote zinaonyesha. Mstari wa kamba, ndani kijani, nje tofali. Mtoto wa darasa la pili angeuona. Neema angeuona.

Mimi niliona majani safi nikaandika majani safi. Sikuuliza kwa nini. Njia ya vumbi, mwezi wa tisa, jani safi. Macho yalikuwa wazi na mimi sikuwemo. Hilo limenikera. Nimeandika limenikera kwa sababu ni kweli, limenikera, na sijakereka tangu Januari.

Jumatatu, 21 Oktoba

Profesa ametuma ramani ya majaribio. Ametia namba zangu kwenye hesabu ya setilaiti, siku ya tarehe 27 Septemba. Rangi ya bluu ni hewa safi, nyekundu ni hewa chafu. Njombe manjano. Makambako bluu. Bluu ya shati la shule.

Tarehe 27 tulikohoa. Nakumbuka milima ilikuwa haipo.

Nimeielewa mara moja. Modeli inadhani jani la Makambako linang'aa, kwa hiyo inaondoa mng'ao mwingi. Lakini jani la kweli, lile la maeneo yote yasiyo na Mama Mwalongo, halina mng'ao huo. Kinachoondolewa ni moshi wenyewe. Setilaiti itatazama watu wanaokohoa na kusema hewa yao nzuri. Mwakani hivyo, mwaka unaofuata hivyo. Kwa sababu yangu.

Nimempigia Profesa. Nimesema yote, kuanzia kigoda mpaka ile nusu saa ndani ya gari.  Akauliza, tangu lini unajua? Nikasema siku tisa.  Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Amesema vipimo vyote vya Makambako vinafutwa. Setilaiti itapita mara mbili kabla mvua hazijashika, tarehe 29 na tarehe 14. Nikipata hata mara moja majani yenye vumbi lake, kazi ipo. Mvua ikitangulia, Makambako inatoka kwenye modeli na mkataba wangu unaishia hapo.

Baada ya simu nimezizungushia tarehe zote mbili wino kwenye kalenda. 

Jumanne, 22 Oktoba. Makambako.

Jana nilimpigia simu kama kawaida, leo nimekwenda kumwambia. Sikulala vizuri kwa ajili hiyo. Nimwambieje mama wa miaka sitini na kitu kwamba heshima yake imeniharibia kazi?

Nilianzia mbali. Nikauliza habari za mahindi, za kwaya, za mguu wake. Akaniangalia. Akasema, sema mwanangu, umekuja na jambo.

Nikamwomba twende kwenye miti. Nikachuma jani moja ndani ya kamba na moja nje. Nikamshikisha kichujio cha akiba, nikamwambia aangalie jani safi huku akikizungusha polepole. Mng'ao ukapotea, ukarudi, ukapotea. Akasema loo. Kisha jani la vumbi. Akazungusha, akazungusha. Karibu hakuna kilichobadilika.

"Kumbe vumbi linaufunika," akasema.

Nikamwambia hicho ndicho tunachokitafuta. Tunataka kujua linaufunika kiasi gani. Nikamwambia niliona kigoda.

Alikaa chini kwenye ukingo wa shimo la mbolea. Akaeleza. Siku ya kwanza nilipokuja nilimwambia kuna chombo huko juu kitaipiga miti yake picha, kila baada ya siku kumi na sita. Niliyasema, nakumbuka. Nilikuwa nafupisha.

"Mtu akipigwa picha unamnawisha uso kwanza," akasema. "Miti ya marehemu hii. Aliipanda, hakuiona ikizaa. Ningeiachaje ionekane huko juu na uso mchafu?"

Nikamwambia huko juu wanataka kuiona ilivyo. Akauliza kama amenipotezea kazi. Nikasema niliyeipoteza ni mimi, nilikuwa naona na siulizi. Hilo hakulisikia. Alikuwa anakikunja kile kipande cha kitenge, anakikunjua, anakikunja.

Leo hakunisindikiza. Alisema mguu unamuuma. Nimetembea peke yangu mpaka kwenye gari na mkono wangu sikujua niuweke wapi.

Jumapili, 27 Oktoba. Njombe.

Sikwenda kanisani. Nimefua mapazia. Mfuko wa koti uko pale pale. Nimeusogeza nikafagia chini yake, nikaurudisha.

Jumanne, 29 Oktoba. Makambako.

Wingu. Kuanzia saa mbili mpaka saa saba, wingu zito lisilo na tundu. Setilaiti imepita juu yake. Sikuwasha hata mashine.

Miti imeanza kushika vumbi. Wiki moja tu, na tayari kijani kinafifia. Mama Mwalongo hakuwepo, alikwenda kwenye kikao cha usharika. Ameniachia chai kwenye chupa na viazi vimefunikwa sahani. Nimekula nimesimama.

Imebaki mara moja.

Ijumaa, 8 Novemba. Njombe.

Kila mtu sokoni anaomba mvua. Mbegu zimeshanunuliwa, mashamba yametayarishwa. Mimi ndiye mtu pekee Njombe nzima ninayeomba isinyeshe. Nimeona aibu. Naomba hivyo hivyo. Kumbe naweza kuomba.

Mama mkwe kapiga. Nguo zipo tayari? Zipo. Zote? Zote, Mama.

Jumatano, 13 Novemba

Radi tangu saa nane mchana. Saa kumi imenyesha hapa mjini, mvua kubwa, mabati yakapiga kelele mpaka sikusikia redio. Nimesimama dirishani. Nimeogopa. Nilikuwa nimesahau hofu ilivyo.

Nimempigia Mama Mwalongo mara tano. Haipokelewi. Mara ya sita amepokea, anahema. Nikamuuliza kama mvua imefika. Akasema wingu limesimama juu yao, jeusi, matone yameanza. Nikasema basi. Akasema basi nini? Njoo kesho kama ulivyopanga. Akakata.

Nitakwenda. Nimeahidi kwenda, basi.

Alhamisi, 14 Novemba. Makambako.

Barabara ilikuwa na maji mpaka karibu na kuingia Makambako. Kuna madimbwi kwenye njia ya shambani. Nikajua imenyesha na huku. Nikaendesha tu, sina haraka, kama mtu anayekwenda kuchukua cheti cha kifo. Nimeshawahi kukichukua. Najua mwendo wake.

Nikakata kona ya mwisho nikaona turubai la msiba.

Turubai la usharika, lile la bluu lenye msalaba mweupe pembeni, limesimamishwa juu ya nguzo ndefu, kamba zimekazwa kwenye vigingi. Chini yake hakuna viti, wala jeneza, wala watu wanaoimba. Kuna miti kumi na miwili ya parachichi, imekaa kwa utulivu na vumbi lake.

Nilizima gari. Nikabaki nimeshika usukani, kisha nikashuka.

Mama Mwalongo alikuwa amesimama pale na kina mama wanne wa kwaya, wamejifunga vitenge vya kazi, miguu yote tope. Walilisimamisha jana jioni matone yalipoanza. Nguzo zilizokuwepo zilikuwa fupi, wakaziunganisha na mirunda ya jirani, maana alikataa katakata turubai lisiguse jani hata moja. Likigusa litafuta, aliwaambia, na tumekatazwa kufuta. Wapita njia walikuwa wanasimama kuuliza nani amefariki. Mzee mmoja alishavua kofia na kuingia, akakaa chini, akauliza marehemu ni nani.

Nikauliza alijibiwa nini.

"Nilimwambia hakuna marehemu," akasema Mama Mwalongo. "Nikamwambia tunalinda vumbi. Akavaa kofia yake akaenda."

Nilicheka. Sauti yangu ilinishtua, ilitoka kubwa, ya mtu mwingine. Nikacheka mpaka nikashika bodi ya gari. Kina mama nao wakacheka. Kisha nikaliangalia lile turubai tena na kicheko kikaisha chenyewe. Kwenye msiba wa Elia kule Mlangali lilikuwa la bluu pia. Nilikaa chini yake siku tatu na sikumbuki sura ya mtu hata mmoja.  Hapo nikakaa kwenye kigoda. Mama Mwalongo akaja akasimama nyuma yangu, akaniwekea mkono begani. Hakusema pole.

Saa tatu tukalishusha turubai, polepole, watu sita, kama kumfunua aliyelala. Jua likatoka. Saa nne na nusu setilaiti ikapita. Nikazungusha kichujio. Sifuri, arobaini na tano, tisini, mia moja thelathini na tano. Nikahamia upande wa pili, nikarudia. Namba zimeshuka. Zimeshuka chini kabisa, mti baada ya mti. Hapa ndipo vumbi lilipo. Naliona.

Sikuandika hali nzuri. Nimeandika: majani yana vumbi jekundu la wiki tatu, zito zaidi upande wa njia, jana jioni yalikingwa mvua kwa turubai lililowekwa juu bila kugusa majani, ndani ya kamba na nje hayakuwa sawa mpaka tarehe 22 Oktoba kwa sababu yalikuwa yakifutwa, nami sikuliona. Nimeandika jina la kila mama aliyeshika nguzo.

Mama Mwalongo ameuliza kama sasa anaruhusiwa kuifuta. Nikamwambia ifute, Mama. Akasema hapana, mvua itaifuta yenyewe. Akanisindikiza mpaka kwenye gari. Alinishika mkono njia nzima.

Ijumaa, 15 Novemba. Njombe.

Nimetuma. Profesa amejibu saa tisa. Ramani ya 27 Septemba imegeuka: Makambako nyekundu. Ndivyo ilivyokuwa. Ameandika mistari miwili tu, kwamba kazi ni safi, na kwamba maelezo ya turubai yabaki kwenye andiko kama nilivyoyaandika. Hakuniuliza kama nimefurahi.

Jumapili, 17 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Kanisani nimekwenda. Nimeimba beti mbili.

Baada ya chakula nimefungua fundo la mfuko. Lilikuwa gumu, nimetumia meno. Koti limekunjwa vibaya, utingo si mtu wa kukunja nguo. Dizeli. Jasho lake. Kiwiko cha kulia kina doa jekundu la vumbi, pale alipokuwa akikiweka dirishani akiendesha. Kola nayo. Vumbi la njia zote alizopita wiki ile.

Nimechota maji kwenye beseni. Nimetia sabuni. Nimekaa nayaangalia mpaka povu likaisha. Nimeyamwaga nje kwenye mvua.

Nimempigia mama mkwe. Nimemwambia nilikudanganya, koti sijalifua. Na sitalifua, Mama. Nimengoja anigombeze. Nikasikia mvua ya Mlangali kwenye simu, na Neema nyuma anasoma kitu kwa sauti.

"Bado lina harufu yake?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Basi usilifue. Lilete hivyo hivyo, nilishike kwanza."

Nimelivaa. Mikono ni mirefu, inafunika vidole. Nimelia. Nimekaa nalo dirishani mpaka chai ikapoa. Wiki ijayo nakwenda kumchukua Neema.